Konzi Tatu za Chumvi

Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu Hamira,

Salamu utazipata kwa dereva wa lori la unga. Nimemwambia akusalimie kwa sauti mpaka majirani wasikie, maana karatasi ninayo moja tu. Mnara wa simu wa huko ukisimama tena nitakupigia nikuseme vizuri kwa kuninyamazia mwezi mzima.

Nimepata chumba. Kipo nyuma ya duka la mbao, kina dirisha moja na mlango ambao haufungiki mpaka uusukume kwa nyonga. Kazi ni ile ile ya bekari, kufagia na kupanga mikate kwenye trei. Miezi minane sijagusa unga, mimi niliyekulia juu ya magunia yake. Lakini sikiliza. Mtaa huu umejaa watu wa kwetu, wale wa barabara ya chini waliotolewa na maji kabla yangu, na wengine waliokuja nyuma yangu. Ukimwuliza yeyote kama amehamia, anakujibu, "Hapana bwana, nimekuja mara moja tu." Yupo fundi saa ambaye mara moja yake ina miaka minne, na ameshajenga choo. Wote wakiingia bekari wanauliza mkate wa Mzee wetu. Wanaushika huu wa hapa, wanauminya, wanaurudisha.

Bosi amesikia. Ni mama mfupi, hacheki hata ukimtekenya. Kaniambia, "Jumamosi tarehe kumi na tano nakupa ndoo moja ya maji na unga wake, kanda huo mkate wenu. Ukitoka vizuri unahamia mezani. Ukiharibu, ufagio unajua ulipo." Basi niandikie vipimo. Wewe na Mzee ndio mlikuwa kwenye beseni, mimi nilikuwa napima mikate iliyoiva. Na usiniandikie "kiasi". Andika kilo.

Mimi ni mzima. Nilipofika huku nesi alinipima presha, akaniuliza kama nimekuja nikikimbia, ilivyokuwa juu. Juzi kapima tena, imeshuka yenyewe, wala sijameza kidonge. Nadhani ni kwa sababu sikuoni.

Wifi yangu anaendeleaje?

Dada yako,
Mizani


Tarehe 9 Februari

Dada Mizani,

Kweli dereva alinisalimia. Alipiga kelele mpaka nikadhani lori limekanyaga mtu.

Toka lini mkate wa Mzee ukapimwa kwa kilo? Unajua tulivyofundishwa: unakanda, unaonja kipande kibichi, ulimi ukisema bado, unaongeza. Lakini kwa kuwa ni wewe, uliyempima hata paka wa jirani, nimekwenda kuazima mizani kwa muuza misumari. Andika. Kwa ndoo moja ya maji, lita ishirini, unga kilo thelathini na nne. Sukari kilo mbili na nusu. Mafuta lita moja. Hamira, yaani mimi, gramu mia tatu. Chumvi, konzi moja. Konzi sikuipima, mwenye mizani alikuwa ameshanichoka. Nasema konzi ya kufumba mkono na kuchota, si zile Mzee alizokuwa akitupiga kichwani.

Huku tupo. Barabara ya chini maji yakijaa siku hizi hayatoki yote. Shule imehamishiwa kwenye ghala. Bwana wa maji alikuja na kidude chake, akakitumbukiza kwenye kisima chetu nyuma ya tanuri, akaguna, akaandika, akaenda zake. Boza la maji huja Jumatatu na watu wanapanga foleni na madumu. Mimi sipangi. Nina kisima cha baba yangu, foleni ya nini?

Sasa habari kubwa. Wifi yako ameingia mwezi wa saba, na safari hii nakwambia mtoto tunampata. Amenenepa, Dada! Uso umejaa, vidole vimejaa, pete tumeivua kwa sabuni. Viatu vyake havimwingii, anavaa vyangu. Mara ile ya kwanza hakuwa akila vizuri, ndiyo maana mtoto hakukaa. Safari hii namlisha mwenyewe.

Nenda kawaonyeshe.

Mdogo wako,
Hamira


Tarehe 17 Februari

Hamira,

Umenikomesha. Asante.

Nilikanda mbele ya watu watano. Uliumuka vizuri, ukapata rangi, harufu ikatoka mpaka barabarani, fundi saa akaja mbio na siagi yake mfukoni. Bosi akakata, akatafuna, akatafuna tena, akameza kwa shida. Akaniuliza, "Huu kwenu mlikuwa mnawapa wagonjwa?" Fundi saa yeye alirudisha siagi mfukoni akaaga.

Haukuwa mbaya. Haukuwa na ladha yoyote. Nilikula mkate mzima peke yangu nyuma ya bekari nikitafuta ladha ya nyumbani, sikuipata. Nimerudi kwenye ufagio, na wale wasichana wa trei wananiita Mama Wodini.

Nakuuliza mara moja na unijibu kiume. Umenificha kitu? Kama hutaki mkate wa Mzee uokwe mahali pengine, sema tu hutaki, nitakuelewa. Lakini kuniandikia vipimo nusu ili niaibike mbele ya watu ambao nawaomba kazi, hilo sikulitegemea kutoka kwako.

Dada yako


Tarehe 24 Februari

Dada,

Nikufiche mkate? Mimi? Umeniumiza sana, na kama ungekuwa karibu ningekurushia donge la unga usoni.

Nimeoka leo kwa vipimo vile vile nilivyokuandikia, mkate umetoka mtamu, umekwisha kabla ya saa tatu. Labda mkono wako mdogo, konzi yako si konzi yangu. Ni kweli enzi za Mzee zilikuwa konzi tatu kwa ndoo. Lakini nilipobaki peke yangu kwenye beseni mkate ukawa unazidi chumvi, watu wakalalamika, nikapunguza zikawa mbili. Mwaka juzi baada ya mafuriko ukazidi tena, nikabaki na moja. Sikupunguza kwa ubahili. Nilionja, ulimi ukaniambia inatosha. Wewe tia hizo tatu kama unataka, halafu uone watu watakavyokimbilia mtungi.

Wifi yako anakusalimu. Kichwa kinamsumbua kidogo, joto hilo. Mkunga amesema anywe maji kwa wingi, kama alivyosema mara ile, nami sifanyi mchezo. Jagi asubuhi, jagi jioni, nachota mwenyewe, nasimama mlangoni mpaka alimalize. Anasema namlinda kama mfungwa.

Ukipoa, niandikie.

Hamira


Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa barua iliyopita. Hii isome ukiwa umekaa.

Nilimwita fundi saa, maana mkono wake unalingana na wako. Akafumba konzi, nikaiweka kwenye mizani, gramu hamsini na tano. Basi konzi mbili ulizopunguza ni gramu mia na kumi. Nikajiuliza, kama mkate wako huko una ladha ile ile ya Mzee, hizo gramu mia na kumi zimekwenda wapi? Hazijaenda popote, Hamira. Zimo ndani ya ndoo unapoichota. Gawa kwa lita ishirini, ni gramu tano na nusu kwa kila lita. Kijiko cha chai kilichojaa.

Nikachukua lita moja ya maji ya hapa, nikatia kijiko cha chumvi, nikakoroga, nikanywa. Glasi moja sikuimaliza. Ya pili niliitema. Sisi huko tulizoea kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, hatukuonja kitu. Halafu nikakumbuka jagi lako la asubuhi na jagi lako la jioni, nikakaa chini pale pale kwenye sakafu ya bekari.

Nilikwenda kwa yule nesi. Akaniuliza, "Miguu imevimba?" Nikamwambia amenenepa. Akauliza, "Na vidole?" Nikamweleza habari ya pete na sabuni. Akaweka kalamu chini. "Dada, huyo hajanenepa." Akaniambia chumvi inapandisha presha, na presha ya mimba ikikomaa inaleta kifafa, mama na mtoto wanakwenda pamoja. Akasema bahari imepanda, mvua zimepungua, visima vya huko vinaingiwa na maji ya bahari chini kwa chini, na wajawazito wa kutoka kwetu ameshawaona wengi mno. Ndiyo maana hata yangu ilikuwa juu nilipofika. Nilifanya utani.

Mlete wifi yangu huku. Dereva anapanda mlima kila Ijumaa, nimeshaongea naye. Kwa sasa usimpe tone la kisima, nenda kwenye boza upange foleni kama watu wengine.

Mkate nimerudia kwa konzi tatu. Nimepewa meza. Sina hata hamu ya kuusifu.

Dada yako,
Mizani


Tarehe 10 Machi

Dada,

Miezi tisa mjini umeshakuwa daktari. Hongera.

Maji ya kisima kile ndiyo yaliyotukuza, mimi na wewe. Mama alitubeba tumboni kwa maji yale yale, hakuvimba hata kope. Leo umekunywa kijiko cha chumvi huko, umeogopa, na mimi huku nizime tanuri. Sawa, chumvi imeongezeka, sikatai, lakini mke wangu anaonwa na mkunga anayemfahamu. Hajaletewa nesi wa kwenye barua.

Na huyo dereva wako usimpangie abiria nyumbani kwangu. Unajua nimehesabu? Barabara yetu wamepanda lori watu wa nyumba kumi na moja, wote mara moja, wote wameacha ufunguo kwa jirani. Hajarudi hata mmoja. Funguo ninazo mimi, zimejaa kwenye kopo la hamira. Nikimpandisha mke wangu ndiyo basi tena, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana unamtaka huko. Na hawa waliobaki, nikiondoka mimi wale nini?

Barua yako sijampa asome. Sitaki umtie hofu wakati huu.

Ndugu yako


Tarehe 10 Machi

Wifi,

Dereva ameniapia kwamba hatamwonyesha mume wangu barua hii. Ile yako nimeisoma. Aliificha kwenye gunia la unga, amesahau kwamba magunia nayafungua mimi.

Kichwa si kidogo. Kinauma nyuma ya macho tangu asubuhi hadi jioni. Juzi nilikuwa naanika nguo, nikaona vimulimuli mchana kweupe, kamba ikawa mbili, nikakumbatia nguzo mpaka zikawa moja. Sikumwambia, kwa sababu ana furaha mno. Kila jioni anaushika mkono wangu anasema, ona ulivyonenepa. Wifi, mara ile ya kwanza nilinenepa hivi hivi. Yeye amesahau. Mimi nakumbuka hata viatu nilivyoazima.

Kwenye boza nimekwenda mwenyewe Jumatatu na dumu dogo. Mkunga nilimwonyesha miguu, akasema ni kawaida, hana kipimo cha presha, kiliingia maji.

Nikiondoka bila ruhusa yake nitakuwa nimemvunja. Nikibaki naogopa. Niambie nifanye nini.

Wifi yako


Tarehe 16 Machi

Kwa Hamira na mkeo, muisome wote wawili.

Wifi, panda lori hili hili lililoleta barua. Usifunge mzigo, usisubiri kanga zikauke. Njiani ulalie ubavu wa kushoto. Dereva ana maji ya hapa kwenye dumu, kunywa hayo tu.

Hamira, mwulize mkeo habari ya kamba ya nguo. Mwulize viatu vya mara ile aliviazima kwa nani. Kisha kama bado una hasira na mimi, nichukie mtoto akishazaliwa, nitakuwa na nafasi ya kukusikiliza.

Mizani


Tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Mtoto wa kike. Kilo moja na gramu mia nane. Niliinama nikaangalia mizani mwenyewe, sikumwamini nesi.

Sasa nikueleze kwa mpangilio, maana najua umekaa mlangoni. Walifika Ijumaa mchana. Walipompima presha ilikuwa mia na themanini kwa mia na ishirini, nesi hakutuandikisha hata jina, alisukuma kitanda mwenyewe. Kifafa kilimshika mara mbili pale pale kwenye korido, mimi nikiwa nimeshika kichwa chake. Wakampasua saa ile ile. Siku tatu hakumjua mtu, aliniita Mama, akaniuliza kama mkate umeiva. Siku ya nne akaniita wifi, akataka uji, nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Sasa presha inashuka. Mtoto yupo kwenye sanduku la joto, ana kucha, ana nywele, anakunja uso kama wewe ukidaiwa jibu. Daktari alisema wangechelewa siku mbili asingeahidi kitu.

Dereva amenieleza kwamba ulimbeba mwenyewe mpaka kwenye lori, ukatandika godoro juu ya magunia matupu. Sina hasira na wewe hata chembe. Fanya uje uwaone.

Dada yako,
Mizani


Tarehe 6 Aprili

Dada,

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Ashukuriwe Mungu, na wewe pia, na huyo nesi wa kwenye barua, nimwombe radhi.

Sitakuja. Nakuandikia sababu na usimwambie mke wangu.

Ni habari ya yule wa kwanza. Mkunga alisema maji kwa wingi, nami nikachota. Jagi asubuhi, jagi jioni, miezi mitano. Yeye alikuwa akiniambia, "Mbona yana chumvi?" Namjibu, hiyo ni mimba, ulimi wa mjamzito haujui kitu. Siku nyingine alikataa, akafunga mdomo, nikamtania, nikamshikia jagi mwenyewe mpaka akanywa. Nilijiona mume mwema kweli kweli. Majirani walikuwa wakiwaambia waume zao, mtazameni Hamira.

Wewe unajua hesabu, nami safari hii nimepiga yangu. Yule mtoto nilimuua mimi, Dada, kwa mkono wangu, nikidhani namlea. Na huyu wa pili nilikuwa nimemfikisha pale pale. Nitamtazamaje mama yao? Nitasimama mlango gani?

Tanuri nimelizima tangu walipoondoka. Nilikanda siku moja, nikaonja kile kipande kibichi, nikatapika. Bwana wa maji amerudi, amepaka alama nyekundu kwenye kisima. Tumebaki nyumba sita. Nitakaa hapa hapa na funguo za watu. Wao wakae na wewe, walelewe vizuri. Vitu vyao nitavituma kwa lori.

Hamira


Tarehe 13 Aprili

Mume wangu,

Dada yako hajui kuficha kitu. Alisoma barua yako akiwa amesimama kando ya kitanda changu, uso ukambadilika, nikamnyang'anya. Usimlaumu, alipigana.

Nilishajua. Siku niliyopata fahamu daktari aliniuliza nilikuwa nakunywa maji kiasi gani, nikamwambia majagi mawili, na safari ile ya kwanza majagi mawili. Akaacha kuandika. Sikuhitaji anieleze. Na sikufichi, nilikuchukia. Nilikuchukia asubuhi nzima mpaka mchana, nikakataa hata uji, nikasema sitaki kumwona tena mtu yule na jagi lake. Mchana wakaniletea mtoto kwa mara ya kwanza, wakamweka kifuani, na kitu cha kwanza nilichofanya niligeuza kichwa mlangoni kukutafuta nikuonyeshe.

Tulikuwa na maji gani mengine? Mkunga alisema maji, wewe ukachota yaliyokuwepo. Ulikuwa unayanywa na wewe, niliyobakiza jagini uliyamaliza. Kama ni kosa, tulilifanya wote tukiwa tunampenda. Lakini kukaa huko peke yako ukijihukumu, na mimi huku nimlee mtoto ambaye baba yake yu hai, hilo litakuwa kosa lako peke yako, na hilo sitakusamehe. Yule wa kwanza tulimzika wawili. Ulinishika mkono njia nzima kurudi nyumbani. Huyu sitaki kumlea mmoja.

Vitu usitume. Funguo wape majirani waliobaki, au ziache zilipo. Bosi wa dada yako anataka mkandaji wa pili, na dada yako ameshampigia domo kwamba hakuna kama wewe.

Mtoto ametoka kwenye sanduku la joto jana. Ananyonya, anachoka, analala, anaamka kudai. Hapa wodini kila kitanda kina kibao cha jina, chake hakijaandikwa kitu. Nesi alikuja na kalamu kuniuliza. Nimemwambia asubiri, baba yake anafika Ijumaa.

Mkeo